Kabla hujanunua injekta

Walukuba, Jinja
Jumapili, 18 Mei 2025

Ndugu yangu Rajabu,

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara mbili, ya kwanza nikicheka ulivyomuiga fundi wako, ya pili nikiwa na kalamu mkononi. Kwa simu salio lingetuishia kabla hatujafika kwenye bolti za chini, kwa hiyo nakuandikia. Shemeji na watoto wape salamu. Sisi hapa wazima, ila mvua haitupi nafasi, nyasi za uani zimefika magotini.

Injekta, hizo pua za kupulizia petroli ambazo fundi wako anataka ubadilishe, usinunue. Nakuomba, subiri kwanza. Gari linatetemeka asubuhi likiwa baridi, likipata moto linatulia, na mashine ya kupimia hitilafu imesoma P0171. Namba hiyo maana yake ni kwamba kompyuta inaona petroli ni chache kwa hewa iliyopo. Haijasema injekta zimekufa, hayo ameyasema fundi. Premio yako ina kipimo cha hewa pale baada ya chujio. Hewa inayopita hapo inahesabiwa, na petroli inatolewa kwa hesabu hiyo. Sasa kama kuna mwanya huko mbele, kati ya manifoldi, yaani mabomba yanayopeleka hewa kwenye silinda, na kichwa cha silinda, hewa inapenya bila kuhesabiwa, kama abiria aliyepandia dirishani. Gasketi inayoziba hapo kwenye injini yako ni ya mpira, na mpira wa miaka yote hiyo umeshakauka. Ukipoa unasinyaa, ukipata moto unavimba na kuziba mwanya. Inaweza pia kuwa kipimo chenyewe kimechafuka au pampu ya petroli imechoka, sikatai, lakini magonjwa hayo hayangetulia kila injini ikipata moto.

Kulijaribu hili si gharama. Nunua kopo la dawa ya kusafishia kabureta. Asubuhi, injini ikiwa bado baridi, washa, kisha puliza kidogo kidogo pale manifoldi inapokutana na kichwa, silinda moja baada ya nyingine. Mlio ukibadilika mahali fulani, umempata mwizi wako. Lakini dawa ile inashika moto kama petroli yenyewe, kwa hiyo usipulize injini ikishapata moto, usikaribie eksozi, na mtu wa sigara akae mbali.

Mimi Kikumi changu, hii Corolla AE100, kilikuwa na ugonjwa huohuo, ila dalili zake zilikuwa kinyume na zako, na ndiyo maana kilinizungusha miezi mitatu. Gari lako linakosa nguvu, changu kilikuwa na wazimu. Nikisimama kwenye taa sailensa, yaani mzunguko wa injini bila kukanyaga akseli, inapanda mpaka 1,800 kwa dakika, inashuka, inapanda, inashuka, vuum, vuum, watu wa boda wananiangalia kama nataka mashindano. Gereji moja waliniambia injini imekwisha, niandae pesa ya kuifungua juu mpaka chini. Nyingine wakabadilisha plagi na waya zake, wakachukua hela yao, na vuum ikabaki palepale.

Aliyenifumbua macho ni mzee jirani yetu, yule aliyekuwa fundi wa mitambo kiwanda cha nguo. Injini yangu, 5A-FE, haina kipimo cha hewa kama chako. Ina sensa ya presha, imefungwa kwenye ukuta wa nyuma na kampira kembamba, inapima presha ndani ya manifoldi. Kwa hiyo hewa ikipenya, sensa inaiona, kompyuta inaongeza petroli ilingane nayo, na injini inakimbia. Halafu kompyuta inaona mguu hauko kwenye akseli na mzunguko uko juu, inadhani unateremka mlima, inakata petroli. Injini inashuka, inarudishiwa petroli, inapanda tena. Nilipolielewa hilo nilikaa chini nikaona aibu kwa zile pesa za plagi.

Nikaamua kuifungua mwenyewe, hapahapa uani, Ijumaa na Jumamosi. Usiamini mtu akikuambia ni kazi ya saa mbili. Kwa fundi wa kila siku labda. Kwa mimi na wewe ni siku mbili, na ya kwanza yote inakwisha kwenye mipira na plagi za umeme.

Nilianza na betri, waya wa hasi. Lakini hata kabla ya hapo nilikwisha kuinua kiti cha nyuma, nikachomoa plagi ya pampu ya petroli na kuiacha injini iwake mpaka izimike yenyewe. Hatua hiyo usiiruke, hata ukiwa na haraka gani. Petroli kwenye bomba inakaa na presha hata gari likiwa limezimwa, na ukifungua bila kuitoa inakurukia usoni. Hata baada ya hapo yalitoka matone kama kikombe cha kahawa, nikayapokea kwa kitambaa. Kisha maji ya redieta, nikakinga kwa karai, maana throto, ule mlango wa kuingizia hewa, ina mipira miwili ya maji inayopita chini yake. Maji yangu yalikuwa rangi ya chai ya rangi, kutu tupu, nikajua yule niliyenunua gari kwake alikuwa anajazia ya bomba miaka yote. Wewe kama unatumia ile dawa ya kijani au nyekundu, usiiache karai wazi. Ni tamu, mbwa na watoto huionja, na ni sumu.

Sasa mipira. Rajabu, mipira! Kuna mnene wa servo ya breki, kuna wa kupumulia injini, kuna vyembamba kama mirija ya soda, vingine vinaingia mahali ambapo huoni kwa jicho. Nilipiga picha kwa simu, lakini picha za gizani chini ya boneti hazikusaidia kitu. Kilichonisaidia ni plasta ya hospitali na daftari la Zaitun. Kila mpira na mdomo wake nimevibandika namba moja, na kwenye daftari nimechora: 7 inatoka hapa, inakwenda pale. Zaitun alikuwa mwandishi wangu, mimi nasoma, yeye anachora kwa kalamu za rangi. Mpaka leo ukurasa ule una jua na nyumba pembeni. Mpira uliogoma usiuvute. Uzungushe kwanza mpaka uachie, ukishindikana ukate kwa wembe, mpira mpya ni rahisi kuliko mdomo wa plastiki uliovunjika. Mimi nilivunja mmoja.

Reli ya petroli, bomba linalozigawia injekta, niliitoa nzima na injekta zake nne, nikaifunga kwenye mfuko safi wa nailoni. Ringi za mpira za injekta nunua mpya, usirudishe za zamani hata ukiona nzima.

Sehemu iliyonitoa jasho ni chini. Kwenye Kikumi manifoldi iko nyuma ya injini, inatazama ndani ya gari, na chini yake kuna mkono wa chuma unaoishikilia kwenye bloku. Mkono huo huuoni kutoka juu. Ukiusahau, utavuta manifoldi mpaka mishipa ya shingo ikutoke na haitasogea. Nililala chini ya gari, jeki pembeni, gogo la mvule chini ya chesisi na magurudumu mawili yamelazwa kando ya gogo. Matofali usiweke, hata yakiwa ya kuchoma vizuri. Tofali haliinami likakuonya, linapasuka mara moja. Matope yakaniingia shingoni, mkono mmoja juu, spana ya 12 inageuka robo tu kwa kila pigo. Bolti moja ile ilinichukua dakika arobaini. Hapo ndipo utamkumbuka aliyebuni ekstensheni ndefu na kuifungia kiungo kinachopinda.

Bolti zinazoishika manifoldi kwenye kichwa nilizilegeza kuanzia pembeni nikiingia katikati, kidogo kidogo, si moja mpaka mwisho. Ni bolti saba na nati mbili, nazitia kwenye kifuniko cha kopo la Blue Band. Manifoldi ikatoka. Nikaiinua kama nimepata mtoto, nikaiweka juu ya gunia, nikarudi kuangalia yale matundu manne meusi ya kichwa. Wakati narudi, kiwiko kikagonga kifuniko. Nikasikia: tik. Tik nyingine ndogo zaidi. Kimya.

Nikahesabu. Bolti saba. Nati moja.

Ndugu yangu, sijui kama umewahi kusimama mbele ya matundu manne yanayokwenda moja kwa moja kwenye vali, hujui nati yako imelala kwenye lipi, au kama imeingia kabisa. Ukiwasha gari na nati ndani ya silinda, ile pesa ya kufungua injini juu mpaka chini waliyoitaka gereji utaitoa kweli. Nilivunja spika ya redio mbovu ya marehemu baba, nikatoa sumaku yake, nikaifunga waya, nikaichovya kila tundu kama mtu anavua samaki Masese. Tundu la kwanza hakuna. La pili hakuna. La tatu masizi tu. La nne hakuna. Saa mbili nzima nikiwa na tochi mdomoni, mvua ikaanza, mama watoto akaleta turubai bila kusema neno, jambo ambalo lilinitisha zaidi. Zaitun ndiye aliyeiona, imekaa juu ya giaboksi, inang'aa, kama vile ilikuwa hapo tangu siku gari linatoka kiwandani.

Kwa hiyo wewe, manifoldi ikitoka tu, kabla ya kuishangilia, kabla ya kunywa chai, ziba matundu kwa vitambaa safi. Na vitambaa vyenyewe vihesabu.

Kilichokuwa kimeharibika kilionekana mara moja. Gasketi ilikuwa imechanika kati ya silinda ya tatu na ya nne. Juu yake mtu fulani aliyewahi kuifungua kabla yangu alipaka silikoni ya kutosha kuezekea paa. Ilikuwa imebinyika ndani ya tundu, imening'inia kama bigijii iliyotafunwa. Silikoni ya kawaida haipatani na petroli, inalainika, inaoza, inamegeka na kuelekea kwenye vali. Ukimwona fundi anashika tyubu kwenye gasketi ya manifoldi, mshike mkono. Sehemu hiyo inataka gasketi mpya na nyuso mbili safi na kavu, basi.

Kuzisafisha hizo nyuso nilitumia kipande cha mbao ngumu nilichochonga kama patasi, na dawa ya kabureta. Bisibisi isiguse hapo, alumini ni laini, mkwaruzo mmoja ni mwanya mpya. Ndani ya manifoldi kulikuwa na ugoro wa mafuta na masizi wa kujaza kijiko cha supu kila tundu. Niliiosha kwa petroli nje, mbali na jiko, kisha maji na sabuni, nikaianika juani. Vali ya kupumulia injini itikise, ikilia kachakacha ni nzima. Yangu ilikuwa bubu, nikanunua mpya.

Gasketi niliagiza kwa mpwa wangu Kampala, pale soko la vipuri la Kisekka. Nilimpa namba ya injini, si jina la gari, na nikamwambia alinganishe matundu na picha ya ile ya zamani kabla ya kulipa.

Kufunga ni kinyume, unaanza katikati ukitoka pembeni, kwa raundi mbili au tatu. Mzee jirani aliniazima spana yake ya kupimia nguvu. Kitabu cha injini yangu kinasema niutoni mita 19, na utashangaa ni kidogo kiasi gani, mkono ulikuwa unataka kuendelea. Kabla ya kuwasha, rudisha plagi ya pampu, fanya pampu ijaze reli petroli bila kuwasha injini, ukague isivuje. Mimi nilikuta ringi moja imekaa upande. Ingekuwa nimepiga stata palepale, labda barua hii angekuandikia mtu mwingine.

Sailensa ikatulia kwenye 800. Nilikaa ndani ya gari limesimama robo saa, nasikiliza tu.

Wewe bahati yako ni kwamba 1NZ, injini ya Premio yako, ina manifoldi mbele, upande wa redieta, utaiona yote ukiwa umesimama wima. Ni ya plastiki, nyepesi kama sufuria. Lakini plastiki haisamehi. Tafuta kipimo cha nguvu cha injini yako, na kama huna spana ya kupimia, azima. Ukiikaza kwa hasira itapasuka, na manifoldi nzima ni ghali kuliko gasketi.

Ekstensheni ndefu, soketi ya 12 na ile sumaku ya redio nimezifunga kwenye boksi la viatu, zinakuja na basi la Arua la Ijumaa usiku. Sumaku nirudishie, ya baba ile. Asali ukiweka kwenye boksi hilohilo, kaza kifuniko, safari iliyopita iliingia kwenye soksi za kondakta.

Wako,
Hamisi