YAH: KUFICHWA REHANI NA JINA LA MMILIKI WA PILI, MNADA WA NYUMBA YA CHIKONGOLA

Meneja,
Kampuni ya Udalali wa Mahakama,
Mtwara.

Ndugu Meneja,

Nakuandikia kwa heshima, ingawa dalali wenu mimi hakuniheshimu. Naomba nirudishiwe shilingi milioni 10 nilizolipa siku ya mnada, ile asilimia 25 ya bei inayolipwa papo hapo.

Nilimuuliza mbele ya watu, nyundo haijagongwa: "Mwanangu, nyumba hii haina rehani?" Akajibu kwa kipaza sauti: "Mzee, mwenye hofu arudi Nanyamba akaokote korosho." Watu wakacheka.

Jana nimetoka ofisi ya ardhi na karatasi ya upekuzi, ile inayoonyesha mmiliki na madeni yaliyosajiliwa juu ya nyumba. Rehani ya benki imesajiliwa tangu 2019, haijafutwa. Hatimiliki ina majina mawili, la mdaiwa na la mkewe. Tangazo mlilobandika mlangoni lina jina moja, na deni la benki halimo kabisa, nimelipiga picha. Amri ya 21 ya Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Madai inataka tangazo litaje mizigo iliyo juu ya mali, kama rehani. Hilo mnalijua kuliko mimi. Na mama huyo wa jina la pili ndiye aliyenifungulia mlango wiki moja kabla ya mnada nilipokwenda kuitazama nyumba, akanipa maji ya kunywa. Sijui nitamtazamaje tena.

Asilimia 75 iliyobaki inatakiwa ndani ya siku 15 tangu mnada, leo ni ya 9. Kila asubuhi karani wenu ananipigia kunitisha kuwa nisipomaliza, fedha ya awali itataifishwa. Nimalizie nini? Ninunue nyumba pamoja na deni la mtu?

Narudia, maana jambo hili halinitoki. Nilivua kofia. Nilimwita mwanangu. Alikuwa na karatasi za nyumba ile mkononi, akazikunja, akazitia mfukoni, ndipo akaniambia nirudi nikaokote korosho. Mjukuu wangu alikuwa pembeni yangu, akainamisha kichwa. Korosho hizo hizo alizozikejeli ndizo milioni 10 mlizopokea: misimu mitatu, mimi na mke wangu tumeinama chini ya mikorosho.

Basi fedha irudi yote kabla ya siku ya 15, pamoja na nauli zangu na ada ya upekuzi. Na dalali huyo aje Nanyamba aniombe radhi mbele ya mjukuu wangu. Tena asije peke yake, uje naye wewe Meneja.

Siku hiyo ikipita, nitakwenda mahakamani kuomba mauzo yatenguliwe, na nitapeleka malalamiko ya nidhamu chini ya Kanuni za Madalali wa Mahakama za 2017, picha ya tangazo na karatasi ya upekuzi nikiziambatisha. Karani wenu asinipigie tena. Nijibuni kwa maandishi.

Wenu,
Mnunuzi, nyumba ya Chikongola