Barua kwa kampuni yenye mkahawa wa Mji Mkongwe: meza za wageni, pweza wa tui la kopo na bei ya dola

Kikwajuni,
Unguja.

Meneja Mkuu,
Zanzibar.

KUH: MALALAMIKO YA MAPOKEZI, CHAKULA NA BEI KATIKA MKAHAWA WENU WA MJI MKONGWE

Assalaam alaykum.

Nakuandikia kuhusu chakula cha mchana cha Jumamosi iliyopita katika mkahawa wenu wa ghorofani, ule unaotazama bahari. Nilikuja na shangazi yangu kutoka Wete, ambaye alikuwa kwangu wiki nzima kwa ajili ya daktari. Nikaona kabla hajarudi Pemba nimtoe siku moja, akae penye upepo, apikiwe na mtu mwengine.

Tulipofika juu, meza nne za ukingoni zilikuwa tupu. Nikamuomba kijana atuweke moja wapo. Akajibu kwa adabu kabisa: "Mama, hizo ni za wageni." Nikamuuliza kama kuna aliyeziagiza mapema. Akasema hakuna, ila ndivyo walivyoelekezwa. Akatupeleka ndani, meza iliyoshikana na kaunta ya baa, migongo yetu kwenye friji la bia. Shangazi yangu ana miaka sabiini na mbili. Siku aliyokuja aliondoka nyumbani kwake alfajiri, akapanda gari mpaka Mkoani, akavuka kwa boti hadi Malindi. Kama yeye hapa mjini si mgeni, basi mimi sijui maana ya neno hilo. Tulikaa saa moja na nusu, na meza mbili kati ya zile nne hazikukaliwa na mtu mpaka tunaondoka.

Baa yenu sina ugomvi nayo. Mna leseni, na anayekunywa ni shauri lake. Lakini kwa kuwa mlitukalisha pale, nilishuhudia juisi zetu za ukwaju zikitikiswa katika kopo lile lile la kuchanganyia pombe, baada ya kuchovywa tu kwenye beseni la maji. Nilizirudisha. Zikabaki kwenye bili. Wengi wa watu wa mji huu ni Waislamu, na jambo hili kwetu si la kuchagua ladha. Kopo la pili lingegharimu kiasi gani?

Orodha yenu ya vyakula ni ya Kiingereza kuanzia juu hadi chini, isipokuwa majina matatu: urojo, pweza wa nazi na mkate wa ajemi. Hayo mmeyaacha kwa Kiswahili kwa sababu ndiyo yanayouza. Shangazi anasoma Kiswahili bila taabu, na msahafu ameuhitimu akiwa mdogo, lakini pale ilibidi nimfasirie mstari kwa mstari, tena kwa sauti ya juu kwa sababu ya muziki. Baadaye akanishika mkono: "Basi mwanangu. Niagizie pweza, huyo namjua."

Hapa ndipo ninapotaka unisikilize zaidi. Kwetu pweza akitoka majini hupigwa mwambani mpaka nyama ilegee. Jikoni huchemshwa kwa maji yake mwenyewe, bila chumvi, kwa moto wa kiasi, mpaka ncha ya kisu iingie bila kulazimishwa. Nazi huja mwisho. Kwanza tui jepesi pamoja na bizari, thomu na ndimu, kisha kasimile, na kuanzia hapo mpishi haachi mwiko, maana tui likichemka bila kukorogwa linakatika. Kazi hii haitaki vyombo vya gharama. Inataka muda, na mtu wa kusimama hapo jikoni.

Aliyeletwa mezani kwetu hakupigwa wala hakusubiriwa. Shangazi alitafuna kipande kimoja, akakihamishia upande wa pili wa mdomo, akatafuna tena, mwisho akakitoa kwenye leso yake na kuifunga ili kijana asione. Mchuzi ulikuwa mweupe, una utamu wa sukari, na ule utelezi wa tui la kopo. Nikauliza. Ni la kopo kweli. Kutoka kwenu mpaka sokoni Darajani ni mwendo wa miguu tu, na nazi ziko kule kila siku ya Mungu. Sahani ile mliiuza dola 22.

Urojo ulikuja katika bilauri ndogo, mzito kama uji, umetiwa malai. Bhajia moja, vipande viwili vya mbatata, na ugwadu hamna. Ukiondoa ukwaju na embe mbichi kinachobaki ni unga na manjano, na mtu atakayeuonja kwenu kwa mara ya kwanza ataondoka akiamini kuwa ndio urojo wa Unguja. Mpishi akitaka kubuni chakula kipya, abuni na akipe jina jipya. Ukutani kwenu mmeandika kuwa mkahawa uko ndani ya Mji Mkongwe, urithi wa dunia tangu mwaka 2000. Majina ya vyakula vyetu nayo ni sehemu ya urithi huo mnaojivunia.

Changu wa kuchoma niliyeagiza mimi alikuwa mzuri sana, na nasema hivyo kwa moyo mmoja. Ngozi imekauka, nyama ina maji yake, chumvi imekaa mahala pake. Kwa hiyo najua jikoni kwenu kuna mtu anayeweza.

Bili ilikuja dola 58. Nikasema nalipa kwa shilingi, ndiyo fedha ninayolipwa mshahara. Mkaibadilisha kwa 2,900 kwa dola, jumla 168,200, wakati benki siku hiyo dola ilikuwa chini ya 2,700. Kwa hesabu hiyo mlinitoza zaidi ya shilingi 11,600 kwa kosa la kutumia fedha ya nchi yangu. Kanuni za serikali zilizoanza Machi 2025 zinakataza bei za bidhaa na huduma za ndani kutajwa au kudaiwa kwa fedha za kigeni, na sidhani kampuni ya ukubwa wenu haina habari.

Mimi hupenda kula nje mshahara unaporuhusu, na popote ninapokwenda hutafuta pa kula kabla ya pa kulala. Nairobi nimepimiwa nyama ya kuchoma kwa kilo mbele ya macho yangu, nikaichagua mwenyewe. Katika tawi lenu la Dar es Salaam nimekula mara tatu. Kule bei ni shilingi, wahudumu wanaanza kwa Kiswahili, na meza nzuri anakaa aliyewahi. Kampuni ni moja na nembo ni moja. Kinachoniuma ni kuwa mnatuheshimu ng'ambo ya bahari, mkifika kwetu mnatuweka nyuma ya friji.

Naomba yule kijana asiadhibiwe. Alikuwa mpole, na alitii alichoambiwa. Aliyetoa amri ya meza ndiye anayepaswa kuulizwa. Fedha ya pweza sitaki nirudishiwe, tumeshamla alivyokuwa. Nataka ile iliyozidi kwenye ubadilishaji na bei ya juisi nilizozirudisha. Nataka pia orodha ya vyakula iandikwe kwa Kiswahili, bei ziwe za shilingi, na vyakula vyenye nguruwe au mvinyo vitajwe wazi ili mtu ajue anachoagiza. Tui mkune. Na zile meza za ukingoni ziwe za yeyote anayepanda ngazi zenu.

Shangazi anarudi Unguja mwezi ujao kwa daktari wake. Nilipomwambia nitawaandikia, alisema nisiwe mkali, pengine hamkujua. Nimejitahidi. Naomba jibu kabla hajafika, kwa Kiswahili, ili nimpe alisome mwenyewe.

Wenu,
Mteja wa Kikwajuni