Vocha za ofa: piga simu hotelini kabla ya kulipa

Mhariri,

Wanunuzi wengi wa vocha za ofa za mtandaoni hapa Kenya, yaani zile unazolipia kampuni ya vocha ili ule au ulale hotelini kwa punguzo, hukwama kwenye tarehe. Tangazo linasema nusu bei, lakini masharti yaliyo chini yake yanaondoa wikendi, sikukuu na msimu wa Desemba. Hoteli nayo hutenga meza au vyumba vichache tu vya wenye vocha, kwa kuwa baada ya punguzo na kamisheni ya kampuni ya vocha, kinachobaki ni kidogo. Kwa hiyo kabla ya kulipa, ipigie simu hoteli yenyewe, taja siku unayotaka, uulize kama ushuru na ada ya huduma vimo kwenye bei. Piga picha ya skrini yenye masharti yote.

Ukinyimwa nafasi, mdai aliyepokea pesa zako. Mara nyingi ni kampuni ya vocha, si hoteli. Andika baruapepe yenye nambari ya vocha, msimbo wa muamala wa M-Pesa na tarehe ulizokataliwa. Malalamiko ya simu hayaachi ushahidi. Kutuma ujumbe wa muamala kwa 456, nambari ya Safaricom ya kuomba M-Pesa irudishwe, ni kwa pesa zilizokwenda kwa nambari isiyo sahihi. Hakutatui mgogoro wa huduma. Aliyelipa kwa kadi aiombe benki yake irudishe malipo, na afanye hivyo mapema, kwani kuna muda wa mwisho.

Na tafadhali, usimpe mhudumu msimbo wa vocha kabla hujahakikishiwa huduma. Msimbo ukishaingizwa kwenye mfumo, kampuni huhesabu kwamba umehudumiwa, na kuthibitisha vinginevyo ni kazi ngumu.

Msomaji,
Nairobi