Mdogo wangu, usingoje utakate ndipo urudi mezani

Mdogo wangu,

Bwana Yesu asifiwe. Tangu uniambie kwenye simu kwamba hutashiriki Meza ya Bwana "mpaka nijirekebishe kwanza," sina raha. Miezi minane sasa unakaa benchi la nyuma, na meza ikiandaliwa unatoka nje. Nakuandikia hadharani kwa kuwa wanaotoka nje ni wengi.

Umeanzia mwisho, mdogo wangu. Paulo anasema Mungu humhesabia haki mtu asiye haki, yaani humkubali kama mwenye haki (Warumi 4:5). Ibrahimu alihesabiwa haki katika Mwanzo 15. Tohara ilikuja sura ya 17, na safari ya mlimani kumtoa mwanawe Isaka sadaka sura ya 22. Utii wake ulikuwa wa kweli, tena ulimgharimu, ila ulimkuta ameshakubaliwa.

Mtazame Zakayo, yule mkubwa wa watoza ushuru, pale Yeriko. Yesu alimwita ashuke mkuyuni na kumwambia leo atashinda kwake, kabla hajarudisha hata senti moja. Watu wakanung'unika. Ndipo Zakayo akasimama: nusu ya mali kwa maskini, na aliyedhulumiwa arudishiwe mara nne. Torati ilimtaka anayeungama arudishe alichochukua na kuongeza sehemu ya tano tu (Hesabu 5:7). Hiyo ziada yote ilitoka wapi? Mwenye woga hulipa anachodaiwa, tena akiomba apunguziwe. Zakayo alikuwa na furaha, mgeni wake ameshakubali kuingia.

Unalikumbuka jembe la bibi? Alipookoka wakati wa uamsho kule Kagera, alilirudisha kwa jirani ambaye yeye bibi alikuwa amemwibia. Lilikuwa limelika, limebaki upana wa kiganja. Akampa hilo, na jipya juu yake. Walipomuuliza kama anatafuta msamaha wa Mungu alisema, "Nimeshasamehewa. Ndiyo maana miguu imepata nguvu ya kuja."

Lile deni ulilonitajia sitalianika hapa, lakini bado ni deni, na kuhesabiwa haki hakulifuti. Wapo wanaohubiri kana kwamba ukishaokoka basi, maisha yaende yatakavyo. Paulo aliwajibu kwa neno moja: "Hasha!" (Warumi 6:2). Kwa hiyo nenda ukawaambie wanaokudai kiasi chote, usifiche. Nitakusindikiza, na nitachangia.

Ila Jumapili hii usitoke nje. Nitakaa nawe benchi hilohilo la nyuma, na tukiitwa tutasimama pamoja.

Dada yako