Mdogo wangu, Pijo ya baba haiendi kwa vyuma chakavu

Mdogo wangu,

Tangu unipigie juzi ukisema Pijo ipimwe kilo iuzwe, sijalala vizuri. Sikukujibu kwa sababu nilikuwa na hasira. Leo nakuandikia hadharani, maana nyumba nyingi zina gari la mzee limekaa chini ya mwembe na mzozo kama wetu.

Ile ni Peugeot 504 steshen, injini ya cc 1971, iliyounganishwa hapa hapa Mombasa. Baba aliitamani tangu Ove Andersson aliposhinda Safari Rally ya 1975 kwa 504. Umesahau safu ya tatu ya viti? Ilikuwa yako, na kikapu cha maembe cha bibi kikikubana miguu hadi Voi.

Uliuliza mbona miezi minane sasa nalitengeneza na gari bado. Kosa ni langu, na nataka ulijue lilivyo.

Nilifungua hedi, kile kifuniko cha juu cha injini, kubadilisha gasketi iliyoungua, ile karatasi ngumu inayoziba kati ya hedi na bloku. Kisha, ili nisafishe vichwa vya pistoni, nikatia spana nikazungusha krenkshafti, ule mhimili unaopandisha na kushusha pistoni. Kumbe katika injini hii kila silinda ni slivu, yaani bomba la chuma ambamo pistoni hupanda na kushuka, nayo inachomoleka, imezungukwa na maji, na chini imezibwa kwa ringi nyembamba tu. Kinachoigandamiza ni hedi. Hedi ikitoka, pistoni ikipanda huivuta slivu juu, hata kama ni kiasi cha unywele, na ringi haizibi tena. Mimi sikujua. Nikasaga valvu, nikafunga, ikawaka! Mama alitoka jikoni na mwiko mkononi, akasimama pale akilia. Siku ya tatu nikachomoa kijiti cha oili: rangi ya chai ya maziwa. Maji yameingia.

Basi nikaanza upya. Nimeteremsha sampu, bakuli la oili la chini ya injini, nimetoa pistoni zote nne na slivu zake, nimekwangua ndani ya bloku kwa brashi ya waya. Matope ya kutu yalijaza kopo la rangi la lita nne. Slivu zimerudi na ringi mpya, na kila moja imechomoza kidogo juu ya bloku. Nikipitisha ukucha naisikia. Ndivyo inavyotakiwa, ili gasketi ya hedi ishike. Na safari hii nimezibana kwa bolti na washa nene, hazitikisiki hata krenkshafti ikizunguka. Ukitaka kufungua injini ya aina hii nyumbani, ukishatoa hedi bana slivu hivyo kabla ya kitu kingine chochote.

Kabureta ya Solex nimeshaiosha. Breki bado, na bila breki haitoki getini, mama asiwe na wasiwasi.

Iliyobaki ni hedi. Imefungwa kwenye kanga kuukuu juu ya meza ya baba. Peke yangu siwezi kuishusha sawasawa bila kuisogeza gasketi. Inataka watu wawili, kila mmoja upande wake. Halafu bolti zikazwe kwa awamu, kuanzia katikati kwenda nje, na tapeti, yaani nafasi ndogo ya kila valvu, zipimwe injini ikiwa baridi: 0.10 mm kwa valvu za kuingiza, 0.25 kwa za kutolea moshi. Baba alikufundisha wewe kutumia fila geji, vile vibati vyembamba vya kupimia nafasi hiyo, si mimi, kwani mkono wako ulikuwa mwepesi.

Fila geji yake ipo, kwenye mkebe wa biskuti. Njoo Jumamosi, mapema kabla ya jua kali.