Salamu za Krismasi na Mwaka Mpya, Kabla Minara Haijajaa

Heri ya Krismasi na Mwaka Mpya, ndugu zetu: mliokwisha kufika nyumbani, mlio bado kwenye foleni ya Kibaha, na mliobaki Dar mkifurahia barabara tupu. Salamu hizi zinakuja mapema kwa sababu ya kikazi. Saa sita kamili usiku wa tarehe 31 Desemba, karibu kila mwenye simu nchini atataka kumsalimu mtu, na wote wataitaka dakika ileile. Sisi wa mitandao tunajenga mwaka mzima kwa ajili ya dakika hiyo, na bado kuna mahali huwa inatushinda.

Wala salamu za sikukuu kupita kwenye simu si jambo la juzi. Ujumbe mfupi wa kwanza kabisa duniani ulikuwa salamu ya Krismasi. Tarehe 3 Desemba 1992, huko Uingereza, mhandisi Neil Papworth aliandika "Merry Christmas" kwenye kompyuta, na simu ya Richard Jarvis wa Vodafone ikaupokea. Jarvis hakujibu. Simu aliyokuwa nayo haikuwa na namna ya kuandika ujumbe.

Hapa kwetu simu za mkononi zilianza katikati ya miaka ya 1990 na Mobitel, mara baada ya lililokuwa Shirika la Posta na Simu kugawanywa na TTCL kuzaliwa. Zantel ikaanzia Zanzibar mwaka 1999, Vodacom ikaja Agosti 2000, Celtel 2001, Halotel Oktoba 2015. Majina yamehama sana: Mobitel ikawa Buzz, ikawa Tigo, leo ni Yas, Celtel ikawa Zain, kisha Airtel. Mabango yameshushwa na kupandishwa, minara imebaki palepale. Na mwenye mnara siku hizi mara nyingi si mtandao wenyewe. Ni kampuni ya minara, kama Helios Towers, na mitandao miwili mitatu inapanga juu ya mnara mmoja. Ndiyo maana mtu aliyenunua laini tatu kwa tahadhari hushangaa zote zikipoteza mawimbi kwa pamoja: umeme umekatika kwenye mnara mmoja tu.

Ukuaji wa mtandao watu huupima kwa idadi ya laini. Hicho ni kipimo cha matangazo. Ndani ya chumba cha usimamizi kinachoangaliwa ni saa ya msongamano: katika saa mbaya kuliko zote, simu ngapi kati ya 100 zimekataliwa? Mtandao wenye laini milioni nyingi unaokataa simu 10 kati ya 100 jioni ya mkesha umenenepa, haujakua.

Chukua kituo cha 2G cha kijijini chenye redio moja kila upande. Redio hiyo hutumia mkanda wa kilohezi 200 uliogawanywa katika nafasi 8. Nafasi moja inachukuliwa na matangazo ya mnara wenyewe na mambo ya uratibu, zinabaki 7 za maongezi. Tukikubali simu 2 kati ya 100 zigonge mwamba, nafasi hizo 7 zinabeba mzigo wa Erlang 2.9 (Erlang moja ni nafasi moja ikitumika saa nzima), yaani kama simu 117 kwa saa, kila moja ya sekunde 90. Sasa ongeza redio ya pili ili nafasi ziwe 14, moja zaidi ikienda kwenye uratibu. Mtu angetarajia mara mbili. Kumbe unafika Erlang 8.2, simu 328 kwa saa, karibu mara tatu. Fikiria saluni: penye kiti kimoja, mteja wa pili akiwahi dakika moja tu amekosa, penye viti vingi, daima kuna kinachoachwa wakati kingine kinakaliwa. Hesabu hii aliitoa Agner Krarup Erlang wa Denmark mwaka 1917, na mpaka leo haijatuangusha. Kwa hiyo mpangaji mzuri huongeza redio kwenye mnara uliopo kabla ya kuomba mnara mpya, hata kama mnara mpya ndio unaopendeza kwenye picha za uzinduzi.

Meseji na menyu za fedha hazipiti kwenye zile nafasi 7. Kwenye 2G zinapita kwenye njia nyembamba ya uratibu, ambayo mara nyingi ni nafasi moja iliyokatwa vijia 8. Kila simu inayoanza kupigwa nayo hupita hapo kwanza, na kila laini inayojiandikisha vilevile. Njia hiyo ikijaa, unaona vistari vyote vya mawimbi na bado hakuna kinachotoka.

Hapo ndipo mabasi yanapoingia kwenye hesabu. Kuanzia katikati ya Desemba watu wanapanda kaskazini: Chalinze, Segera, Korogwe, Mombo, Same, Mwanga, Himo. Ili mtandao ujue simu ilipo, nchi imekatwa katika maeneo, na kila laini ikivuka mpaka wa eneo lazima ijitambulishe upya. Basi lenye abiria 60 lina laini nyingi kuliko abiria, na zote zinavuka mpaka katika sekunde zilezile. Mabasi kumi yakifuatana, vijia 8 vinazidiwa bila mtu hata mmoja kuwa amepiga simu. Dawa ni kuuweka mpaka porini, mbali na stendi na mbali na mji. Kosa la mpangaji mgeni ni kuuchora ukafuatana na barabara, basi likawa linaingia na kutoka eneo hilo kila kona, na kila mara laini zote zinajitambulisha tena. Ukiwa ndani ya basi hilo, kuzima na kuwasha simu mara tano ili mtandao urudi kunaongeza foleni unayoilalamikia.

Mlimani kuna shida nyingine. Rombo, Marangu na Machame ni makorongo juu ya makorongo, na mawimbi hayapindi kona vizuri. Nyumba iliyo bondeni nyuma ya mgongo wa ardhi iko mita 800 kutoka kwenye mnara na haina kitu, wakati iliyo ng'ambo, kilomita sita, inapata kamili. Mwaka mzima vituo hivyo vimelala na vya Sinza na Kariakoo vinachemka. Tarehe 24 mambo yanageuka. Mitambo haipandi basi. Kinachofanyika ni kufungua uwezo ambao tayari umo ndani ya mashine kwa leseni, kuwasha redio za akiba, kurekebisha mwinamo wa antena kwa digrii moja au mbili, na mahali pachache kupeleka kituo cha muda juu ya lori. Kwenye 3G kuna kioja cha ziada: watumiaji wakizidi, eneo linalofikiwa na kituo linasinyaa. Asubuhi chumba cha nyuma kilikuwa na intaneti, jioni wageni wamejaa na hicho chumba kimetoka nje ya mtandao bila ukuta kuongezeka. (Mlima wenyewe haukusahauliwa: Agosti 2022 TTCL ilifikisha intaneti ya kasi kituo cha Horombo, mita 3,720, kwa hiyo kuna watakaotuma heri zao wakiwa juu ya mawingu.)

Wengi huuliza kwa nini basi tusijenge mnara mwingine hapo kabla ya sikukuu. Kama hujaanza mapema mwaka huohuo, umechelewa. Kiwanja kinatafutwa na hati yake kuhakikiwa, na hapo ndipo miezi inapotea, maana kihamba, yaani shamba la ukoo, kina warithi wengi na mmoja wao yuko mbali. Kisha kibali cha mazingira cha NEMC, cha urefu cha TCAA kwa ajili ya ndege, na cha ujenzi cha halmashauri. Zege la msingi hufikia nguvu yake iliyokusudiwa kwa siku 28, na anayesimamisha mnara wiki ya kwanza anacheza. Baada ya hapo nyaya za kushusha radi ardhini, na upinzani wake upimwe. Kwenye mwamba wa volkano kipimo hukataa kushuka, ikabidi kuongeza fito na kuzisambaza mbali zaidi. Wakipuuza hilo, radi ya kwanza inaondoka na redio. Mwisho kuna kazi ndogo inayosahaulika kuliko zote: kukiambia kituo kipya majirani zake ni nani. Kituo kisichoandikishiwa jirani hushika simu yako vizuri mpaka unapoondoka, kisha inakatika katikati ya sentensi. Ukiona simu inakatika kila siku kwenye kilima kilekile, tuhumu hilo kwanza.

Na ikifika katikati ya Desemba, mabadiliko yote yanafungwa hadi mwanzoni mwa Januari. Hakuna kubadili programu, hakuna kuhamisha njia, isipokuwa kurekebisha kilichoharibika. Wanaotaka "kamabadiliko kadogo tu" tarehe 23 wanajulikana, na hawapewi nywila.

Umeme ndio unaoamua nani atasherehekea. Kituo hula volti 48 za mkondo mnyoofu (DC), kwa kawaida betri nne za volti 12 zilizopangwa mfululizo, na chaja inayozijaza kutoka kwenye umeme wa gridi au jenereta. Gridi ikikatika betri zinashika, na jenereta inatakiwa iwake yenyewe. Ikikataa, sababu mara nyingi ni ya aibu: betri ndogo ya kuwashia jenereta imekufa, au dizeli ilipungua baada ya mtu kuichota. Betri za zamani zilizonyonywa mpaka chini mara nyingi hubeba dakika 40 pale zilipoandikiwa saa nne. Mkaguzi anayepima volti bila kuweka mzigo hatalijua hilo mpaka usiku wa mkesha. Heri zetu za kwanza ziwaendee mafundi walio zamu wakati wengine wako kwenye misa, na walinzi wa minara ambao ndio huwa wa kwanza kujua jenereta imenyamaza.

Njia ya kutoka mnarani nayo ina yake. Kabla ya nyaya za baharini, intaneti yetu ilipanda satelaiti, na kila ombi lilichukua zaidi ya nusu sekunde kwenda na kurudi. Mwaka 2009 waya wa SEACOM ukatua Dar, na Mkongo wa Taifa ukaanza kusambazwa mikoani. Bado vituo vingi vya vijijini vinaunganishwa kwa maikrowevu, yaani mawimbi ya redio kutoka mnara hadi mnara, na mvua kubwa za vuli huzichosha zile za masafa ya juu.

Fedha zina mwelekeo wake Desemba: zinapanda mikoani. Wakala wa kijijini anatoa kutwa nzima, taslimu zinamwishia na floti, yaani fedha za kwenye simu, inamlundikia. Wakala wa Dar anapokea kutwa nzima, floti inamwishia na taslimu zinamjaa. Benki hazifunguki tarehe 25 na 26, kwa hiyo mawakala mjipange tarehe 23, na ninyi mnaotoa kiasi kikubwa mwambieni wakala siku moja kabla. Menyu ya fedha ikikatika katikati, iwe *150*00# au nyingine yoyote, usirudie kutuma. Menyu ina muda wake na inaweza kukatika baada ya muamala kuwa umekwishapita, huku ujumbe wa kuthibitisha ukiwa bado uko kwenye foleni. Angalia salio kwanza. Wanaotuma mara mbili kwa bibi mmoja ni wengi, na bibi huwa hana haraka ya kurudisha. Na ule ujumbe wa matapeli wa "ile hela tuma kwenye namba hii" nao hupata msimu: upeleke 15040, ukipenda uhakiki pia kwa *106# laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chako.

Tumalizie na salamu zenyewe. Ujumbe mmoja hubeba herufi 160, na herufi zote za Kiswahili zimo kwenye orodha ya simu. Ukiweka kikatuni (emoji) kimoja cha mti wa Krismasi, ujumbe mzima unabadilishwa mfumo na nafasi zinashuka hadi 70. Hata ile alama ya "ng'ombe" ikiwekwa iliyopinda inaweza kufanya hivyohivyo. Ujumbe ukizidi kipimo unakatwa vipande, 153 kila kimoja kwa herufi za kawaida, 67 ukiwa na vikatuni, na kila kipande kinasafiri peke yake na kuhesabiwa peke yake kwenye bando. Kimoja kikichelewa, simu ya mama inasubiri au inaonyesha nusu ya baraka. Mfano wa usiosumbua ni huu: "Shikamoo mama. Heri ya Krismasi. Tumevuka Same salama, tukifika Himo nitapiga. Wasalimie wote nyumbani." Ni herufi 103 pamoja na nafasi, unakwenda kipande kimoja. Ukiongeza ua moja mwishoni, vinakuwa viwili.