Chumba cha chini kipimwe radoni kabla ya kulaza watu

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwafikie wasomaji wenzangu tunaoishi katika majimbo ya baridi ya Marekani, hasa hapa Iowa, ambako ndugu wengi kutoka Kongo na Burundi wamefanya makazi.

Kila baridi inapokaribia tunakumbushana kubadilisha kichujio cha mtambo wa joto, kufunika mabomba yasigande, kuziba nyufa za madirisha na kujaribu ving'ora vya moshi. Hayo yote ni ya lazima. Linalonisumbua ni kwamba sijapata kumsikia mwenzetu akitaja radoni, ilhali katika ramani ya Shirika la Ulinzi wa Mazingira la Marekani (EPA) kaunti zote 99 za Iowa zimo katika kundi la hatari kubwa kabisa.

Radoni ni gesi isiyo na rangi, harufu wala ladha, inayotoka ardhini kadiri urani, madini yenye mionzi, iliyomo katika udongo na miamba inavyomeguka yenyewe polepole. EPA inakadiria kwamba gesi hiyo husababisha vifo vipatavyo 21,000 vya saratani ya mapafu kila mwaka nchini humu, ikitanguliwa na sigara tu. Majira ya baridi huizidisha, kwa sababu hewa yenye joto hupanda na kuvujia darini, na nyumba hufidia hewa hiyo kwa kuifyonza nyingine kutoka chini, kupitia nyufa za sakafu, mianya ya mabomba na shimo la kukusanyia maji. Madirisha nayo yamefungwa kwa miezi kadhaa.

Huko chini, katika chumba kilicho chini ya usawa wa ardhi, ndiko tunakolaza watoto, na ndiko tunakompa malazi ndugu aliyewasili juzi akiwa bado anatafuta kazi. Nami nilifanya hivyo. Aliyetuuzia nyumba alituhakikishia kwamba king'ora cha kaboni monoksaidi, ile gesi ya sumu itokayo kwenye moto, kingetuonya, nikamwamini, kumbe kifaa hicho hakitambui radoni hata kidogo. Nilipopima mwezi wa Januari, chumba walimolala wanangu wawili kilikuwa na pikokuri 9 (kipimo cha mionzi) kwa lita ya hewa. EPA inataka nyumba irekebishwe kiwango kikifika 4, na Shirika la Afya Duniani limependekeza kiwango cha chini zaidi, bekereli 100 kwa mita ya ujazo, yaani pikokuri 2.7 hivi. Siku ile sikupata usingizi.

Kupima si kazi ya fundi. Kikopo cha mkaa cha kupimia huuzwa katika maduka ya vifaa vya ujenzi. Funga madirisha na milango ya nje saa 12 kabla ya kuanza, kisha kiweke katika ghorofa ya chini kabisa inayokaliwa na watu, juu ya meza, mbali na jiko, bafu na upepo, ukiache kwa siku zilizoandikwa katika maelekezo. Ukishakifunga, kipeleke posta siku hiyo hiyo kiende maabara, kwa kuwa nusu ya radoni iliyonaswa hupotea katika siku 3.8 na maabara haiwezi kusoma kisichokuwapo.

Kiwango kikiwa juu, kuziba nyufa peke yake hakutoshi. Fundi mwenye leseni hutoboa sakafu, akapitisha bomba lenye feni inayovuta hewa ya chini ya nyumba na kuitoa juu ya paa. Kwetu kazi hiyo ilichukua siku moja, na kipimo cha pili kikashuka hadi chini ya 2.

Wapangaji hawawezi kutoboa sakafu ya mtu, lakini kupima wanaweza, na majibu ya maabara yaliyoandikwa humpa mwenye nyumba jambo la kujibu. Kwa hiyo nawaomba viongozi wa makanisa, misikiti na vyama vyetu, ambao ndio huwatafutia wageni vyumba, wamuulize kila anayetoa chumba cha chini kwamba kilipimwa lini, na kama hakijapimwa wamnunulie kikopo kabla mgeni hajafika.

Msomaji wako,
Des Moines, Iowa